Ngano ya Misri Mezani pa Wanetu



Mtoto wa Kiislamu wa pwani yetu humjua Firauni kabla hajamjua gavana wa kaunti yake. Anakijua kisanduku kilichoelea mtoni, anamjua dada yake Nabii Musa (A.S.) aliyekifuata kwa macho kando ya maji, anaijua fimbo, anaijua bahari iliyopasuka. Bibi Asiya humtaja kama amtajaye jirani. Lakini mwulize mtoto huyo: watu wa Firauni, kabla Nabii Musa hajawaendea, waliamini nini? Kwa fikira zao, dunia hii ilitoka wapi? Atanyamaza. Na sisi wazazi tukiulizwa, tutajibu kwamba waliabudu masanamu, kisha tutageuza mazungumzo.

Pengo hilo lilitushughulisha likizo ya Agosti. Sisi ni kina mama sita wa mtaa mmoja. Kila Jumamosi, baada ya watoto kutoka madrasa na kula, huwakusanya kwenye baraza ya mmoja wetu kwa kazi za mikono: siku moja kushona, siku nyingine kufinyanga, siku nyingine kuchora. Wadogo kabisa wana miaka sita, wakubwa kumi na miwili. Safari hii mmoja wetu alikuja na buku la picha za Misri ya kale, akapendekeza tuchukue Jumamosi nne tuwafundishe wana, kwa sanaa, namna Wamisri wa kale walivyodhani dunia ilianza.

Kabla ya rangi kufunguliwa tulibishana, na ubishi haukuwa mdogo. Mwenzetu mmoja, mwenye wana wawili katika kikundi chetu, alisema kwamba mtoto huzaliwa juu ya fitra, na moyo wake ni kama karatasi nyeupe. Kwa nini sisi, mama zao, tuwe wa kwanza kuichora miungu juu yake? Neno hilo si jepesi. Hatukulidharau, na hadi leo hatulidharau. Lakini tulimjibu kwamba Qur'ani yenyewe haikuwaficha waumini imani za waliopotea. Katika Surat an-Naml, ndege hudhud analeta habari za malkia na watu wake wanaolisujudia jua. Katika Surat al-An'am, Nabii Ibrahim (A.S.) anazitazama nyota, mwezi na jua mbele ya watu waliovitukuza. Batili imetajwa, imeonyeshwa ilivyo, na imejibiwa. Tena miungu ya Misri tayari imo majumbani mwetu, katika katuni na filamu na michezo ya simu, na huko mtoto hukutana nayo peke yake, hana mama ubavuni wa kumuuliza.

Hakukinai. Kwa Jumamosi zile nne wanawe hawakuja, na nafasi zao mkekani zilionekana.

Waliosalia tulikubaliana mambo mawili. La kwanza ni jina. Neno "hadithi" katika masikio ya wanetu limebeba maneno na matendo ya Mtume (S.A.W.), na "kisa" wamelizoea kwa mitume. Hii, basi, tuliiita ngano, na tukaianza kama zianzavyo ngano zote: "Paukwa!" nao wakaitikia "Pakawa!" Mtoto wa pwani akiisikia paukwa anajua mara moja anasikiliza maneno ya aina gani. Hapana haja ya kumkatiza kila sentensi mbili ukimwambia "hii si kweli," kama tulivyoona baadhi ya watu wazima wakifanya, hata mtoto akachoka na onyo pamoja na ngano yenyewe.

La pili ni picha. Wanazuoni wetu wamesema mengi juu ya kuchora vyenye roho, wapo waliokaza na wapo waliolegeza, hususan kwa watoto, wakikumbuka kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake. Sisi tulishika njia ya tahadhari, tukafuata ushauri ambao Ibn Abbas (R.A.) alimpa mchoraji aliyemwendea: achore miti na visivyo na roho. Tulidhani sharti hilo lingetubana. Kumbe ngano yenyewe, ukiiondolea miili ya miungu, inabaki na maji, tope, ua, jua, mbingu na nyota, na hivyo vyatosha kujaza ukuta mzima.

Ngano hii haieleweki bila mto. Kila mwaka mvua kubwa za milima ya Uhabeshi zilishuka hadi Naili, na kwenye miezi ya Julai na Agosti maji yakaanza kupanda Misri, hata mashamba yote ya bondeni yakafunikwa. Vijiji, vilivyojengwa mahali palipoinuka, vilisimama kama visiwa. Maji yalipoteremka, kwenye Oktoba na Novemba, yaliacha tope jeusi lenye rutuba. Na kwa sababu ya tope hilo Wamisri waliiita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi. Mahali pa kwanza kuonekana palikuwa tuta dogo la udongo, linang'aa kwa unyevu, na kabla siku nyingi hazijapita lilikuwa na majani, vyura na wadudu. Mtu aliyeyaona hayo mwaka baada ya mwaka, na baba yake akayaona, na babu yake, akiulizwa dunia ilianzaje, atajibu nini? Atasema ilianza vile vile.

Wana hatukuwaeleza hayo kwa maneno kwanza. Tulichukua sinia kubwa ya pilau, tukaijaza udongo wa bustani usiolingana, hapa umeinuka, hapa umebonyea, tukamimina maji mpaka udongo wote ukazama. Kisha tukawapa vitambaa, wayanyonye na kuyakamua kwenye ndoo, taratibu. Kelele zilizopigwa tuta la kwanza lilipochomoza, jirani alichungulia dirishani. Mvulana mmoja, ambaye jamaa zake wanalima kando ya Mto Tana, alisema, "Hivi ndivyo ilivyo kwa babu Garsen mto ukirudi." Ni kweli, na wakulima wa huko wamepanda kwa kufuata maji yanayorudi tangu zama za wazee wao. Tulinyunyiza mbegu za mchicha juu ya tuta, na Jumamosi ya pili ulikuwa umechipua.

Huko Misri kwenyewe mafuriko hayo hayaji tena. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka wa 1970, maji huzuiliwa na kuachiliwa kwa kipimo. Anayekwenda Cairo leo ataziona piramidi, lakini jambo lililoizaa ngano hii hataliona.

Nayo ngano, kwa namna ilivyosimuliwa katika mji wa Iunu, ambao Wayunani waliuita Heliopolis, mji wa jua, na ambao sasa umemezwa na vitongoji vya Cairo pande za Matariya, inakwenda hivi. Hapo kale hapakuwa na mbingu wala ardhi. Palikuwa na maji tu, meusi, matulivu, yasiyo na ufuo wala sakafu, na maji hayo waliyaita Nun. Ndani ya maji likainuka tuta, na juu ya tuta akatokea Atum, ambaye wao walisema alijiumba mwenyewe. Akatema mate (hapa wana walicheka sana, na zipo riwaya nyingine ambazo hazifai mezani pa watoto, tukaziacha huko huko vitabuni), na katika hayo wakatoka Shu, ambaye ni hewa, na Tefnut, ambaye ni unyevu. Hao wakawazaa Geb, ardhi, na Nut, mbingu. Mbingu na ardhi walikuwa wamegandana, hapana nafasi ya kitu baina yao, mpaka baba yao, hewa, akaingia katikati akaiinua mbingu juu.

Jambo moja lilitustaajabisha sisi watu wazima. Mataifa mengi yaliyotunga ngano kama hizi yaliifanya mbingu kuwa mume na ardhi kuwa mke, kwa kuwa mvua hushuka na ardhi huzaa. Wamisri waligeuza. Kwao mvua ni adimu. Neema iliwatokea chini, mtoni. Hata katika kupotea kwao walikuwa wakiisoma nchi yao.

Kuna gombo la mafunjo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lililoandikwa kwa ajili ya bibi mmoja wa ukoo mkuu, Nesitanebtashru, yapata miaka 950 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Urefu wake ni kama mita 37. Humo imo picha mashuhuri ya mbingu aliyeinama kama daraja, vidole vya miguu huku na vya mikono kule, na hewa amesimama chini akimwinua. Wana hatukuwaonyesha, kwa kuwa mbingu huyo hana nguo. Badala yake tulitandaza leso mbili sakafuni, moja ya kijani chini, moja ya buluu juu yake, tukawaambia walale kifudifudi pembeni wapulize katikati. Pumzi zao hazikutosha. Ndipo wanne wakashika pembe za leso ya buluu wakainyanyua juu ya vichwa, wenzao wakapita chini wakikimbia, na kila aliyepita aliulizwa: "Wewe umepita wapi?" Akajibu: "Kwenye hewa!" Michoro iliyofuata ilikuwa ya leso hizo: utepe wa buluu juu, utepe wa kijani chini, na katikati weupe wa karatasi ulioachwa makusudi. Msichana mmoja wa miaka minane aliuacha weupe mkubwa sana, akasema amewapa nafasi ya kutosha miti inayotaka kurefuka.

Brashi tulizitengeneza wenyewe, na hapa mafundi wa Firauni walikuwa karibu nasi kuliko tulivyodhani. Waandishi wao walichora kwa vijiti vya nyasi za majini zilizotafunwa ncha, na kwa kazi kubwa walitumia vijiti vya mti vilivyopondwa mpaka nyuzi zikaachana. Mtoto anayepiga mswaki wa mti hahitaji kufundishwa kazi hiyo. Rangi zao nazo zilitoka ardhini: wekundu na manjano ya udongo, weusi wa masizi, weupe wa chokaa na jasi, vyote vikishikishwa kwa utomvu wa mgunga. Buluu haikupatikana kwa urahisi ardhini, kwa hiyo waliipika, mchanga na shaba na chokaa na magadi pamoja katika tanuri kali, na hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa rangi za kwanza kabisa kutengenezwa na mkono wa binadamu. Sisi tulitumia udongo mwekundu wa bara uliochungwa, masizi ya sufuria, na buluu ya kufulia. Mikono ilichukua siku mbili kutakata.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya nyota na maji. Katika piramidi ya mfalme Unas, huko Saqqara, yenye zaidi ya miaka 4,300, dari ya chumba cha kaburi imejaa nyota za pembe tano, safu kwa safu. Mtoto yeyote anaweza kuzichora kwa mistari michache. Maji waliyaandika kwa mstari wa mikunjomikunjo, kama meno ya msumeno, na mistari mitatu ikipangwa chini kwa chini ndiyo maji mengi. Wana waliijaza karatasi nzima ya manila kwa mikunjo hiyo, ikawa Nun. Hapo tukawaambia jambo ambalo wajuzi wa historia ya maandishi wamelikubali: watu wa jamii za Kisemiti waliokaa na Wamisri waliuchukua mchoro huo wa maji, wakaufanya herufi kwa sauti ya kwanza ya neno lao la maji, na kwa karne nyingi herufi ile ikasafiri na kubadilika mpaka ikawa mim yetu. Waliokuwa na juzuu mifukoni walizitoa kuitafuta mim. Mmoja akauliza kama Nun ya ngano ndiyo nun ya alifu-be-te. Tulimwambia hapana, ni sauti zilizolingana tu, na mtu asijenge nyumba juu ya hilo.

Halafu ikaja sehemu tuliyokuwa tukiingojea kwa hofu kidogo. Wamisri walisema kwamba jioni mbingu hulimeza jua, jua likasafiri usiku kucha ndani ya mwili wake, na alfajiri akalizaa upya. Ngano hii ni nzuri, na ni nani atakayesema si nzuri? Uzuri huo ndio ulioshika nyoyo za watu wenye akili, mafundi na wahandisi, kwa miaka elfu tatu. Tulitaka wana wauone uzuri huo kwanza, ndipo wajue kwamba Nabii Musa hakutumwa kwa wajinga.

Kila mmoja alichora jua lake mara mbili, la machweo na la mawio. Kisha tukawasomea, kutoka Surat al-An'am, habari za Nabii Ibrahim na nyota, mwezi na jua. Hatukuongeza maneno. Walikuwa wameshika karatasi zenye jua linalotua, rangi haijakauka, na wakamsikia mtu aliyelitazama jua hilo hilo likitua, akakataa kuliabudu kwa sababu hiyo hiyo ya kutua kwake. Wao waliliona likimezwa, wakalitungia ngano ili wasilipoteze. Yeye aliliona likitoweka, akamtafuta asiyetoweka. Kijana wetu mkubwa, wa miaka kumi na miwili, aliigeuza karatasi yake upande wa machweo, akaitazama kwa muda, akasema, "Lakini walikuwa karibu." Hatukujua tumjibu nini, tukamwachia maneno yake.

Swali kubwa lilitoka kwa mdogo. Mtoto wa miaka saba, ambaye kazi yake kwa Jumamosi tatu ilikuwa kuchora mikunjo ya maji tu na hakutaka kingine, aliuliza: "Na maji, nani aliyaumba?"

Tulirejea ngano, tukamwambia: wao walisema maji yalikuwapo tu. Akauliza tena. Ngano ya Iunu, kwa ustadi wake wote, haina jibu hapo. Maji yapo, na Atum amejiumba. Mvulana wa Garsen, anayehifadhi, alikumbuka kwamba katika Surat Hud Arshi ya Mola imetajwa kuwa juu ya maji, akasema maji nayo ni kiumbe. Yule mdogo alifikiri, akasema, "Basi maji yana mwenyewe," akarudi kwenye mikunjo yake. Tumewasomesha wanetu tauhidi kwa kukariri, na kukariri kuna baraka na hatukuachi. Ila siku hiyo mtoto alifika kwa miguu yake mwenyewe.

Bibi mmoja wa nyumba ile, aliyekuwa akitusikiliza kutoka kitandani kwake Jumamosi zote, alituuliza jambo gumu zaidi. Ilikuwa wiki ya mwisho. Wana walikuwa wakifinyanga, kwa kuwa zipo ngano nyingine za Misri, na kila mji ulikuwa na yake: Memphis walisema Ptah aliumba kwa moyo na ulimi, na kusini walisema Khnum aliwafinyanga watu kwa udongo juu ya gurudumu la mfinyanzi. Bibi akasema: "Udongo, na maji, na mbingu kutenganishwa na ardhi. Hayo yote nimeyasikia kwenye Qur'ani. Mtoto akikua, akaambiwa Qur'ani imeyatoa huko, mmemwandaa aseme nini?"

Tulizungumza naye mpaka magharibi. Mwenyezi Mungu ametuambia hakuna umma uliopita bila mwonyaji, na huenda chembe za walichoambiwa wa kale zilibaki ndani ya ngano zao, kama chembe za dhahabu ndani ya mchanga. Lakini huo ni uwezekano, hatuna dalili ya kuonyesha, na hatupendi mtindo wa siku hizi wa kuokota kila mfanano na kuutangaza muujiza. Lililo wazi zaidi ni kwamba mfinyanzi wa ngano aliukuta udongo tayari, na mto wa kuulowesha tayari, kama fundi yeyote. Bibi alisema hilo linatosha kwa mtoto. Kwa mtu mzima, akasema, tuendelee kusoma. Tunasoma. Tumeanza na habari za Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 12, akaiona njaa kubwa ya 1200 hadi 1202 Naili ilipokosa kupanda, na akaandika kwa mshangao juu ya magofu ya wa kale, akiwalaumu wanaoyavunja kwa tamaa ya hazina. Mwanachuoni huyo hakuona imani yake ikipungua kwa kulisifu jiwe lililochongwa vizuri.

Mwenzetu aliyewazuia wanawe tulimpelekea michoro nyumbani, bila kumshawishi. Aliipitia moja moja. Kwenye ile ya leso mbili alikawia. Alisema ni mizuri, na kwamba rai yake iko pale pale, kwani mwana wake wa pili ana hofu ya usiku na hataki alale akifikiri mbingu inameza kitu. Mama anamjua mwanawe kuliko sisi sote, na hatukuwa na la kuongeza. Alitupa chai.

Likizo ya Desemba, In shaa Allah, wana wameomba maghala ya Nabii Yusuf (A.S.): miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Mwenzetu ameuliza kama humo mtakuwa na miungu. Tumemwambia mtakuwa na ngano ile nyingine, ya kuliwa, na magunia mengi ya kushona. Amesema ataleta sindano. Mwenye magunia matupu ya mchele ya kilo tano asiyatupe, atuwekee.